Kontrol Boksi Mpya kwa Subaru ya Rali: Kupanga Mapu Bila Kuua Injini

Injini ninayoizungumzia hapa ni EJ20 ya turbo, ile ya Impreza WRX na STI: silinda nne zilizolala ubavu, kipenyo cha silinda milimita 92, mwendo wa pistoni milimita 75, ujazo wa sentimita za ujazo 1,994. Nimeichagua kwa sababu gereji za rali za Nairobi zimejaa injini hii, na kwa sababu ndiyo niliyowahi kuiua kwa mikono yangu mwenyewe. Ukiwa na 4G63 ya Lancer Evolution au 1JZ ya Toyota, hatua ni zilezile. Namba tu ndizo zitakazobadilika.

Kontrol boksi, yaani kompyuta inayoamua mafuta na cheche za injini kwa kufuata majedwali yaitwayo mapu, si mbaya ile ya kiwandani. Tatizo lake ni kwamba iliandikwa kwa turbo ile, nozeli zile (vipulizi vya mafuta) na ekzosti ile iliyotoka nayo kiwandani. Tena hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na kisafisha hewa, na vumbi la Naivasha likishatua kwenye kile kiwaya chake chembamba, hesabu yote inapinda. Kontrol boksi za kununua, kama Link ya New Zealand, Haltech na MoTeC za Australia au Ecumaster ya Poland, kwa kawaida huachana na sensa hiyo. Hupima presha ndani ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) na joto la hewa, kisha hukokotoa hewa iliyoingia. Ila haijui chochote mpaka uiambie. Ukiidanganya itatii uongo wako hadi pistoni itoboke.

Hatua ya 1: Laptopu ikae kwenye mkoba kwanza

Pima kompreshani ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto, throto ikiwa wazi kabisa na betri imejaa. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Ukiwa Nairobi usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu: hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda, si silinda kwa kitabu.

Kisha fanya kipimo cha kuvuja. Pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga, ingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi na usikilize inatokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi au pistoni ina kasoro. Ikisikika kwenye ekzosti au throto, ni valvu. Mapovu kwenye redieta ni gasketi ya hedi. Silinda ya 4, ile ya nyuma kushoto, ipe muda zaidi. Kwenye injini hizi ndiyo yenye sifa ya kuvunja kingo za ringi (kingo za pistoni zinazoshika ringi) kabla ya wenzake, na mafundi hawajaacha kubishana sababu.

Weka plagi mpya zilizo baridi kwa daraja moja au mawili kuliko za kiwandani, pengo milimita 0.6 hadi 0.7. Pengo kubwa likikutana na presha ya turbo, cheche inazimika, na utakaa nusu siku ukitafuta mafuta yaliyopotea kumbe moto ndio uliokosekana. Badilisha oili. Funga mdomo wa turbo, jaza hewa kwenye mabomba mpaka baa 1, upulizie maji ya sabuni kwenye kila kibanio. Ukiona povu, kaza.

Mteja akikwambia injini ni nzima, amini, halafu pima.

Hatua ya 2: Sensa ziseme ukweli

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na ndipo wengi wanaporuka.

Gari likiwa limelala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini. Sensa ya joto la maji na sensa ya joto la hewa zisome karibu sawa, na zote zikaribiane na joto la gereji. Moja ikisema 22 na nyingine 35, umechagua jedwali lisilo la sensa hiyo.

Sasa angalia sensa ya presha ya manifoldi. Injini ikiwa imezimwa, inapaswa kusoma presha ya hewa ya mahali ulipo, wala si kilopaskali 101 za vitabuni. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, tarajia kama kilopaskali 82 au 83. Naivasha ni karibu 81, Eldoret 78 au 79. Arusha ni karibu 86, Kampala 88. Mombasa na Dar es Salaam ndiko utakakoiona 101. Kontrol boksi ikikuambia 101 ukiwa Industrial Area ya Nairobi, imechaguliwa sensa isiyo yake, na kila hesabu itakayofuata itakuwa na makosa ya asilimia 20. Kipimo hiki hakikugharimu hata shilingi.

Rekebisha sensa ya throto isome 0 mguu ukiwa nje na 100 padeli ikiwa imekanyagwa hadi sakafuni. Pima presha ya mafuta kwa geji ya mshale: baa 3 mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa, nayo ipande sawasawa na presha ya manifoldi turbo inapojaza. Sensa ya lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na petroli: chini ya 1 ni mzito, wenye petroli nyingi; juu ya 1 ni mwepesi) iwe ya upana wote. Bosch LSU 4.9 ndiyo iliyozoeleka. Ifunge baada ya turbo, ikiwa imeinama ili maji yasitulie ndani yake. Hakikisha namba inayoonekana kwenye kifaa chake ndiyo inayoonekana kwenye laptopu. Nyaya za anolojia hupenda kuongopa kwa pointi mbili tatu.

Kuhusu nyaya: ethi ya kontrol boksi iende kwenye bloku la injini, si kwenye bati la bodi lenye rangi. Sensa zirudi kwenye ethi yao wenyewe. Nimemaliza.

Hatua ya 3: Taimingi ya kwenye laptopu na ya kwenye kranki

Taimingi ni wakati cheche inapopigwa, kwa digrii za mzunguko wa kranki. Chomoa nyaya za nozeli ili injini isiwake, piga stata, uangalie mawimbi ya sensa ya kranki na ya kemshafti. EJ20 za zamani zina meno sita kwenye kranki yasiyo na nafasi sawa na meno saba kwenye kemshafti. Za baadaye zina gurudumu la 36 lililong'olewa meno mawili mawili mahali patatu. Ukichagua muundo usio wake, haitawaka, au mbaya zaidi, itawaka na kupiga cheche mahali pasipo pake. Mpangilio wa moto ni 1-3-2-4.

Mizunguko ikisoma kwa utulivu wakati wa stata, rudisha nyaya za nozeli. Kwenye programu, funga taimingi kwenye digrii 10 kabla ya kilele, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa. Washa, elekeza taa ya taimingi kwenye alama ya puli, sogeza ofseti mpaka puli iseme 10. Usikomee hapo: pandisha hadi mizunguko 4,000 uangalie tena. Alama ikihama kadiri mizunguko inavyopanda, mara nyingi nyaya mbili za sensa ya kranki zimegeuzwa. Injini ya namna hiyo huendeka vizuri kabisa sailensi (ikiunguruma bila kukanyagwa), kisha ikapasuka kwenye gia ya nne.

Na hiyo puli yenyewe je? Ile yenye mpira katikati huteleza ikizeeka, na alama yake huhama nayo. Thibitisha kilele cha kweli kwa kupima pistoni ya silinda ya 1 kupitia tundu la plagi.

Ukimaliza, fungua taimingi. Kuna fundi aliyeisahau kwenye 10, akashangaa siku nzima gari halina nguvu. Simtaji, kwa sababu ni mimi.

Hatua ya 4: Nozeli zako zinatosha?

Fanya hesabu kabla ya kulipia muda wa dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya gari likiwa limesimama). Tuseme unataka nguvu farasi 300, yaani kilowati 224. Injini ya petroli ya turbo inayokwenda na mchanganyiko mzito hula kama gramu 365 kwa kila kilowati kwa saa. Hiyo ni karibu kilo 82 kwa saa, au gramu 1,360 kwa dakika. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, kwa hiyo ni sentimita za ujazo 1,840 kwa dakika. Gawanya kwa nozeli nne: 460. Lakini nozeli isifunguliwe zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo gawanya 460 kwa 0.85 upate 541. Nozeli za 550 zitatosha kwa petroli. Ukihamia E85 (mafuta yenye ethanoli nyingi) utahitaji ujazo wa ziada wa karibu asilimia 40, na hapo 550 hazifiki popote, wala pampu yako ya mafuta pengine haifiki.

Ingiza kwenye programu mtiririko wa nozeli na ule muda wanaochelewa kufunguka kwa kila volti ya betri. Tumia namba za mtengenezaji. Nozeli za bei rahisi zisizo na namba hizo ni ghali. Utazilipia kwa sailensi inayoyumba kila unapowasha taa za mbele.

Hatua ya 5: Mafuta kwanza, huku taimingi ikiwa ya kiwoga

Funga gari kwenye dainamomita, weka feni kubwa mbele, mabomba ya kutolea moshi nje, na kizima moto mahali mkono unapofika. Weka petroli ileile utakayoshindania. Gari lililopangwa kwa mafuta ya mashindano kisha likajazwa ya kituo cha njiani ni ajali inayosubiri saa yake.

Tumia uwezo wa dainamomita wa kushikilia mizunguko. Shikilia 2,500, fungua throto taratibu, tulia kwenye kila kisanduku cha jedwali, soma lambda, rekebisha. Kanuni ni hii: namba mpya ni namba ya zamani mara lambda uliyopima, gawanya kwa lambda unayoitaka. Kisanduku kina 78, umepima 0.90, unataka 0.85: 78 × 0.90 ÷ 0.85 ni 82.6. Andika, songa mbele. Ukikuta kisanduku kimoja kinachotofautiana sana na jirani zake, usikifurahie. Injini hupumua kwa milima na mabonde laini, si kwa ngazi.

Sailensi na mwendo wa polepole, lambda 0.95 hadi 1. Turbo ikianza kujaza, shuka kuelekea 0.85. Presha kamili, 0.78 hadi 0.80. Kuna wanaoukimbilia mchanganyiko mwepesi wapate farasi watano wa ziada. Kwenye mita 400 za lami sawa. Kwenye hatua ya rali ya kilomita 25, kwenye jua, na vumbi likiwa limeziba nusu ya intakula (kipoza hewa ya turbo), petroli ile ya ziada ndiyo inayopoza pistoni.

Hatua ya 6: Sikiliza kabla ya kuongeza

Taimingi huongezwa kidogo kidogo huku ukitazama nguvu ya kuzungusha, toki. Mahali ambapo turbo haijajaza, ongeza digrii mbili mbili. Toki ikiacha kupanda, rudi nyuma digrii mbili. Umefika. Kuongeza zaidi kwa sababu tu injini haijagonga (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda nje ya mpangilio) ni kuipiga pistoni bila faida.

Kwenye presha kamili mambo hugeuka: injini itaanza kugonga kabla toki haijafika kilele. EJ20 kwa petroli ya kawaida na presha ya baa 1.2, mimi huanza na digrii 8 hadi 10 pale toki inapokuwa kubwa, kisha naruhusu zipande kadiri mizunguko inavyopanda. Naongeza digrii moja moja, nikiwa na visikizio masikioni vilivyounganishwa na sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku. Masafa ya kugonga hutegemea kipenyo cha silinda: gawanya 1,800 kwa pai mara kipenyo. Kwa milimita 92 unapata kilohezi 6.2. Weka kichujio cha kontrol boksi hapo, au kwenye maradufu yake kama bloku lina kelele nyingi za valvu.

Kugonga kwenye visikizio kunasikika kama kokoto iliyorushwa kwenye bati. Ukishaisikia mara moja hutaisahau. Ondoa mguu, toa digrii tatu, chomoa plagi uzitazame kwa lenzi. Vitone vya kung'aa kama pilipili manga kwenye kauri ni aluminiamu ya pistoni yako.

Hatua ya 7: Presha ya turbo na kile kitego cha mwinuko

Anza na springi ya westigeti (valvu inayozuia presha ya turbo isizidi) peke yake, solenoidi (valvu ya umeme ambayo kontrol boksi huitumia kuongeza presha) ikiwa imechomolewa. Panga mafuta na taimingi hapo kwanza. Kisha ndipo uruhusu kontrol boksi iongeze, kilopaskali 10 kwa 10, na kila ukipanda urudie kusikiliza.

Sasa kitego. Springi ya westigeti hulinganisha presha ya turbo na hewa ya nje. Baa 1 ya geji, yaani kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje, Nairobi ni kilopaskali 182 halisi ndani ya manifoldi. Gari lilelile, springi ileile, ukilishusha Mombasa ni 201. Mapu yako ya mafuta na taimingi husomwa kwa presha halisi, kwa hiyo pwani injini itaingia kwenye visanduku ambavyo hukuwahi kuvigusa ulipokuwa juu. Pamoja na hewa ya joto, vina nini ndani yake? Zile namba zilizokuja na faili la kuanzia.

Ndivyo nilivyoua injini yangu. Niliipanga Nairobi siku mbili, ikawa tamu, nikashuka nayo pwani nikiimba. Ilivunja kingo za ringi kwenye silinda ya 4 kabla sijamaliza jaribio la pili. Kosa halikuwa la turbo wala la petroli.

Dawa ni mbili. Kwanza, weka lengo la presha kwa kipimo halisi, si kwa geji, na uweke kikomo cha kukata kilopaskali 20 juu ya lengo. Springi yenyewe iwe laini kiasi kwamba hata pwani, pamoja na hewa nzito, haifikishi lengo bila msaada wa solenoidi, kwa sababu kontrol boksi haiwezi kushusha presha chini ya springi. Pili, jaza visanduku vya juu visivyoguswa kwa mkono: mafuta yafuate mteremko wa majirani na kuzidi kidogo, taimingi ipungue digrii moja kwa kila kilopaskali 10.

Ukipanda mlima, kitego hugeuka upande wa pili. Kupata kilopaskali 200 halisi Mombasa, turbo inaibana hewa mara 1.97. Nairobi inapaswa kuibana mara 2.42. Itazunguka kwa kasi zaidi, itatoa hewa ya moto zaidi, na turbo ndogo itapita mpaka wake wa kasi bila wewe kuona lolote kwenye geji. Kwa hiyo lengo la presha halisi lishuke kidogo mwinuko unapoongezeka. Kontrol boksi nyingi zina jedwali la kulirekebisha kwa presha ya hewa ya nje. Litumie.

Wanaoshindana na kizuizi cha hewa, kama kile cha milimita 32 cha Group N (daraja la magari ya rali yaliyo karibu na ya kiwandani), wana hesabu nyingine. Hewa ikifika kasi ya sauti kwenye koo la kizuizi, haiongezeki tena hata turbo ikililia. Kwa nadharia, koo hilo hupitisha kama kilo 0.19 za hewa kwa sekunde usawa wa bahari, na kama 0.155 Nairobi. Ndiyo maana magari hayo yana toki nyingi chini na hukosa pumzi juu, na hakuna mapu itakayobadilisha hilo. Usimfukuzie mteja farasi kwenye mizunguko 7,000. Mpe toki kwenye 3,500 na umfundishe kubadilisha gia mapema.

Kuhusu ile milipuko ya ekzosti inayoifanya turbo iendelee kuzunguka dereva akiachia mafuta: inafanya kazi, inapendwa na watazamaji, na inachemsha turbo na valvu. Kama mteja hana bajeti ya turbo ya pili, izime.

Hatua ya 8: Walinzi wa usiku

Kabla gari halijashuka kwenye dainamomita, weka ulinzi. Presha ya oili dhidi ya mizunguko: kanuni ya mafundi wa zamani ni angalau baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, na chini ya hapo kontrol boksi izime injini. EJ20 hupenda kuua beringi oili inapokimbilia upande mmoja kwenye kona ndefu, kwa hiyo ulinzi huu si wa mapambo. Joto la maji likipita digrii 105, punguza presha ya turbo. Likipita 112, punguza mizunguko. Lambda ikiwa nyepesi kuliko 0.88 kwenye presha kamili kwa zaidi ya nusu sekunde, kata.

Ujaribu kila ulinzi. Shusha kikomo kwa makusudi uone kama inakata kweli.

Hatua ya 9: Barabara iliyofungwa, kisha plagi

Dainamomita haina vumbi, haina mashimo, na boneti iko wazi. Tafuta barabara iliyofungwa, dereva aendeshe, wewe shika laptopu. Mtu mmoja asifanye kazi zote mbili. Rekodi mizunguko, presha, lambda, joto la hewa, kugonga, presha ya mafuta na ya oili. Tazama hasa dereva anapokanyaga ghafla: lambda ikiruka kuwa nyepesi kwa sekunde moja, ongeza mafuta ya kukanyagia. Tazama pia joto la hewa baada ya dakika kumi. Likivuka digrii 50, jedwali lako la kupunguza taimingi kwa joto lianze kufanya kazi.

Hifadhi faili kwa tarehe, mahali na aina ya petroli, kwenye vifaa viwili.

Ukishuka pwani, simama Voi. Zima injini, washa swichi, soma presha ya hewa: inapaswa kuwa karibu 94 au 95. Piga mwendo mmoja mfupi mahali salama, fungua rekodi utazame visanduku vilivyoguswa kwa mara ya kwanza. Chomoa plagi ya silinda ya 4, uitazame kwa lenzi kwenye mwanga wa jua. Ikiwa safi, irudishe uendelee na safari.